Nilimwambia Achemshe

Kosa langu limechapishwa. Liko kwenye karatasi ya rangi, na karatasi hiyo hadi leo imebandikwa kwenye kuta za vibanda kadhaa vya mialoni, ukingoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Ina picha ya sufuria juu ya mafiga, mvuke unapanda, na chini yake maneno niliyoyaandika mwenyewe: "Maji ya ziwa yakiwa ya kijani, yachemshe vizuri ndipo unywe." Upande mmoja ni Kiganda, upande wa pili Kiswahili. Maneno hayo si kweli. Nilipoyaandika nilikuwa nimekwishaambiwa kuwa si kweli, tena na mtu anayejua, na bado niliyaandika.

Nilikuwa mwandishi katika shirika dogo ambalo silitaji jina, maana kosa ni langu. Ofisi yetu ilikuwa Old Kampala, upande wa kilima unaotazama Kisenyi, si mbali na msikiti mkuu wa taifa. Kazi yetu ilikuwa kuchukua matokeo ya utafiti wa ziwa na kuyafikisha kwa watu wanaoishi nalo: wavuvi, akina mama wanaoanika mukene, yaani dagaa, walimu wa shule za visiwani, viongozi wa mialo. Watafiti walituletea ripoti, sisi tukazigeuza kuwa vipeperushi, vipindi vya redio na maigizo ya sokoni. Mimi niliaminiwa kwenye maneno. Kiganda nilizaliwa nacho, Kiswahili nilikipata kwa majirani wa Old Kampala na baadaye kwa wavuvi wenyewe, maana mwaloni utamkuta Mganda, Msoga, Mjaluo na Mkongo kwenye mtumbwi mmoja. Mjini wengi bado wanakihusisha Kiswahili na askari wa enzi zilizopita. Ziwani ni lugha ya kazi na ya kujuliana hali.

Kazi ya uhamasishaji nilijifunza wakati wa kipindupindu cha 1997 na 1998, mvua za El Niño zilipofurika na vyoo vya mabondeni vikamwagika visimani. Siku zile tulikuwa na neno moja: chemsha. Tulilitangaza kwa vipaza sauti, tuliliomba litajwe misikitini na makanisani, tulilirudia sokoni Owino mpaka watoto wakawa wanatupokelea. Neno lile liliokoa watu. Nilishuhudia nyumba zilizolishika na nyumba zilizolipuuza, na tofauti yake niliiona makaburini. Sisemi haya kujitetea. Nayasema kwa sababu ndiko kosa langu lilikoota: nililipenda neno lililonisaidia zamani kiasi cha kutotaka kuambiwa kwamba kuna mahali halifai.

Mtafiti aliyetuletea ripoti ya maji ya kijani alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, aliyesomea viumbe vidogo vya majini. Aliingia ofisini ameshika chupa ya maji aliyoyachota asubuhi ile kwenye Ghuba ya Murchison, ghuba inayopakana na jiji letu. Akaiweka mezani, tukaanza kikao. Alipoingia nayo, maji yote yalikuwa na ukijani hafifu uliotapakaa. Tulipofika katikati ya mazungumzo chupa ilikuwa imegawanyika: chini maji yameangaza, juu kumepanda tabaka nene la chembechembe za kijani, mithili ya rangi ya mlango iliyoachwa koponi.

"Mzee, umeona?" akaniuliza. "Hawa wanaelea. Ndani yao wana vifuko vya hewa. Ziwa likitulia wanapanda juu, upepo ukivuma unawasukuma mpaka ufukweni. Na ufukweni ndiko watu wanakochota."

Wanaitwa sayanobakteria. Ni viumbe wa kale sana, wanajitengenezea chakula kwa jua kama mimea, na kwa kiasi kidogo ziwa linawahitaji. Tatizo ni wingi wao. Maji yakipata nitrojeni na fosforasi kupita kiasi, huzaana mpaka wakafunika uso wa maji, na baadhi yao, hasa jamii ya *Microcystis*, hutengeneza sumu iitwayo mikrosistini, ambayo kazi yake mwilini ni kushambulia ini. Haya hayakuwa mageni kwa wanasayansi wa kwetu. Mwaka 2010 William Okello na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwapo kwa sayanobakteria wenye sumu hiyo katika maziwa ya Uganda. Upande wa Kenya sumu imepatikana Ghuba ya Nyanza, upande wa Tanzania Ghuba ya Mwanza. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeweka kipimo tangu 1998: maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita.

Kisha akafika kwenye jambo lililomleta. Alisema kuchemsha hakuondoi sumu hii. Moto huua vijidudu, lakini mikrosistini hustahimili joto la sufuria, na zaidi ya hapo, maji yakichemka chembe za kijani hupasuka na kumwaga ndani ya maji sumu iliyokuwa imefungiwa ndani yake. Mtu anayechemsha maji ya kijani anaweza kunywa sumu nyingi kuliko iliyokuwa ikielea. Kuchuja kwa kitambaa nako hakutoshi, kwa sababu sumu iliyokwishayeyuka hupita na maji. Akanitolea mfano wa Toledo, mji wa Marekani unaokunywa maji ya Ziwa Erie. Mwezi Agosti 2014 watu wake wapatao nusu milioni waliamka na tangazo: msinywe maji ya bomba, na msiyachemshe. Amri ile ilikaa kwa siku chache, mpaka vipimo vikatulia.

Alikuwa ameandika mstari mmoja aliotaka uingie kwenye kipeperushi: Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, lakini hakuondoi sumu ya maji ya kijani, penye utando wa kijani usichote.

Nikamjibu, "Daktari, hapa si Marekani. Toledo waliletewa maji kwa malori ya jeshi. Mtu wangu wa mwaloni nani atamletea?" Swali lile lilikuwa la haki. Lililofuata halikuwa la haki. Nilimwambia kwamba watu wa mwaloni hawawezi kushika mambo mawili kwa mpigo. Ukimwambia mvuvi kwamba kuchemsha kunafaa hapa na hakufai pale, ataacha kuchemsha kabisa, na kipindupindu kitarudi. Hofu ya kipindupindu haikuwa ya kubuni. Nchini mwetu jamii za wavuvi ndizo zinazopigwa nacho zaidi. Lakini hofu hiyo ilikuwa sababu ya kuandika kwa uangalifu mkubwa, haikuwa ruhusa ya kuandika uongo.

Alinisihi. Mwishoni nikamwahidi kwamba mstari wake utaingia. Akaondoka, na chupa yake akatuachia dirishani. Jioni ile nikaufuta.

Sababu zangu nazijua zote, na hakuna hata moja inayosimama. Picha ya sufuria ilikuwa imekwishachorwa na mchoraji amekwishalipwa. Karatasi ilikuwa ndogo. Mfadhili alitaka kazi iwe imechapwa kabla ya mwisho wa robo ya mwaka. Nilikwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji ambako Kampala nzima huchapa kila kitu kuanzia kadi za harusi hadi mabango ya uchaguzi, nikasimama juu ya mashine mpaka rangi ikakaa sawa. Mtafiti hakuona nakala ya mwisho. Sikumpelekea, na sikumpelekea makusudi.

Kipeperushi kilipendwa. Viongozi wa mialo waliomba nyongeza, shule ziliomba, na redio moja ilikisoma hewani neno kwa neno. Nilipongezwa kwa lugha nyepesi. Nilizipokea pongezi zile zote.

Nilikuja kukutana na nilichokifanya kwenye mwalo mmoja mashariki ya Ghuba ya Murchison. Tulikuwa tumekwenda kurekodi kipindi kuhusu nyavu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mitumbwi imerudi, mukene umemwagwa kwenye nyavu za kuanikia, na ufukwe wote, kutoka kwenye gati hadi kwenye mafunjo, ulikuwa na utando wa kijani uliokuwa ukipanda na kushuka na mawimbi madogo. Watoto walikuwa wakiusukuma kwa mikono ili jerikeni ziingie. Mama mmoja mkaushaji samaki, mtu wa Busia, alinitambua kwa sababu picha yangu ilitoka kwenye bango la mradi. Akaniita.

"Mwalimu, karibu. Njoo unionee."

Ndani ya kibanda chake kulikuwa na sufuria imeepuliwa muda si mrefu, imefunikwa kwa sahani. Akaifunua. Maji yalikuwa na rangi ya majani yaliyochemshwa, na pembeni, pale maji yalipogusa bati, palikuwa na duara la kijani lililoganda. Juu ya mkeka alikuwa amelala mtoto wa kiume wa miaka kama minne, macho yamelegea. Alikuwa ametapika tangu usiku. Kipeperushi changu kilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha mtoto, kimegundishwa kwa uji wa unga.

"Nimechemsha vizuri sana," mama akasema. "Nilingoja yatokote kama mlivyoandika. Harufu haijaondoka. Je, niongeze muda?"

Sisemi kwamba maji yale ndiyo yaliyomtapisha mtoto. Watoto hutapika kwa mengi, na hakuna aliyempima. Tulimpeleka kituo cha afya kwa gari letu, akawekewa maji, na siku zilizofuata akapona. Ninachosema ni kwamba mama yule alifanya yote niliyomwambia, kwa bidii, kwa kuni alizozinunua kwa pesa zake, akiniamini. Na alipoona kwa pua na macho yake kwamba hayafai, hakulitilia shaka neno langu. Alijitilia shaka yeye, akadhani hajachemsha vya kutosha.

Nilimweleza ukweli pale pale, nimesimama mlangoni. Nilimwambia kuchemsha kunaua vijidudu lakini sumu ya ile kijani haiondoki, na kwamba nilikuwa nikijua. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Kumbe ni mambo mawili. Vijidudu vinakufa, sumu haifi. Si ungesema tu?" Akamgeukia jirani yake, akamweleza kwa Kijaluo, na jirani akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii. Jambo nililoamua kwamba watu hawa hawalimudu, lilipita kutoka kwa mtu mmoja hadi wa pili, na kutoka lugha moja hadi nyingine, bila kupoteza kitu.

Jirani akaniuliza swali ambalo utafiti wenyewe unalijibu na mimi nililikalia: wachote wapi basi? Kwenye mwalo ule kulikuwa na bomba la jumuiya, mwendo wa kupanda mlima, lenye malipo kwa kila jerikeni. Kulikuwa na paa za bati za ghala la samaki ambazo zingeweza kuvuna maji ya mvua. Kama mstari ule ungekuwepo, watu wangeanza mapema kudai bei ya bomba ishuke na mifereji iwekwe kwenye bati. Kipeperushi changu kiliwaambia suluhisho liko jikoni mwao, kwa hiyo hawakudai kitu. Kwangu mimi hilo ndilo dhara kubwa zaidi la mstari uliofutwa. Uliwaacha watu na sumu, na juu ya hapo ukawaondolea sababu ya kulalamika.

Nilipomwendea mtafiti kumwambia, nilitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Alinipandisha kwenye mashua ya kazi na kunipa kamba. Mwishoni mwa kamba kuna sahani yenye robo nyeupe na robo nyeusi, iliyopewa jina la Angelo Secchi, padri wa Kiitalia aliyetumia sahani kupima maji mwaka 1865. Unaishusha polepole, na unapoacha kuiona unahesabu mafundo ya kamba. Kamba ile ilikuwa na fundo kila nusu mita. Fundo la kwanza likazama, na kabla la pili halijagusa maji sahani ilikuwa imepotea. Nilidhani nimekosea, nikaivuta na kurudia, ikapotea pale pale.

Akaanza kunihadithia nilichopaswa kukijua kabla ya kushika kalamu. Utafiti wa ziwa hili haukuanza jana. Ulifanyika upimaji mkubwa wa uvuvi mwaka 1927 na 1928. Mwaka 1947 kikaanzishwa kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki mjini Jinja, ambacho ndicho mzazi wa taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyopo hapo sasa. Miaka ya 1960 na 1961 Jack Talling alipima mwanga na viumbe vya kijani kutokea Jinja, na vipimo vyake vikawa rula ya waliomfuata. Mwanasayansi wetu Rose Mugidde alipolinganisha, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1993, alikuta uzalishaji wa viumbe hao umekuwa maradufu tangu enzi za Talling. Ziwa lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800 lilikuwa limebadilika rangi ndani ya maisha ya mtu mmoja. Watu hulaumu sangara, na kweli alipopandikizwa, na hasa aliposhamiri miaka ya 1980, alizimeza aina nyingi za nkejje, samaki wadogo, baadhi yao wakiwa walaji wa kijani. Lakini kijani chenyewe kinalishwa kutoka nchi kavu: udongo unaomomonyoka, majivu na vumbi la misitu na mashamba yanayochomwa, ambalo hurudi ziwani na mvua, na majitaka ya miji. Katikati ya ziwa mchango wa vumbi ni mkubwa. Kwenye ghuba za pembeni kama Murchison, mji ndio unaoongoza.

"Mzee," akaniambia tukirudi, "huku mwaloni mmebandika karatasi kila ukuta. Kule juu kwenu Old Kampala mmebandika wapi?"

Hatukuwa tumebandika popote. Kutoka dirishani kwetu ziwa halionekani, na kwa hiyo tulilihesabu kuwa la watu wengine. Nilianza kuufuata mfereji wa barabara yetu kwa miguu, kitu ambacho katika kazi yangu yote sikuwahi kukifanya. Maji hushuka kutoka mitaa ya Rashid Khamis na jirani zake, yanabeba maji ya kufulia, kaveera (mifuko ya plastiki) na mchanga. Yanaingia Kisenyi, ambako mafuta ya gereji na pumba za mashine za kusaga za Kafumbe Mukasa Road huungana nayo. Hapo yanakutana na mfereji wa Nakivubo, yanapita ubavuni mwa Owino, yanazunguka uwanja wa mpira, yanashika njia ya viwandani, yanapita mitambo ya majitaka ya Bugolobi, yanaingia kwenye mafunjo upande wa Luzira, na yanafika Ghuba ya Murchison. Kutoka hapo hadi Ggaba, ambako jiji hili hili huvuta maji yake ya kunywa, ni kilomita chache tu.

Mabomba ya majitaka ya jiji yanafikia sehemu ndogo tu ya wakazi wa Kampala. Waliobaki tunatumia vyoo vya shimo na matangi. Na kila mkazi wa mabondeni anajua kinachofanyika usiku mvua kubwa inaponyesha: wapo wenye nyumba wanaofungua tundu la choo ili maji yabebe, kuliko kulipia gari la kunyonya. Mwenyewe nilifanya kazi katika jengo ambalo tangi lake lilikuwa likivujia mferejini. Harufu ilipozidi tulifunga madirisha na kuendelea kuandika vipeperushi vya kuwafundisha wavuvi usafi. Mvuvi wa mwaloni ule alikuwa akichemsha, miongoni mwa mengine, uchafu wa ofisi yetu.

Kilichokuwa kinatukinga ni kinamasi cha Nakivubo. Mafunjo na matope yake huzuia uchafu na kunyonya sehemu ya rutuba kabla haijafika ghubani. Mwaka 1999 mchumi Lucy Emerton na wenzake walikadiria kwamba huduma hiyo, pamoja na faida nyingine za kinamasi, ilikuwa na thamani ya hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Tangu hapo kimeliwa vipande vipande na magimbi, viwanda na nyumba, na penye magimbi maji hupita kwa haraka badala ya kusambaa kwenye mizizi. Ghuba ilipozidi kuharibika, kusafisha maji Ggaba kukawa ghali, na jiji likajenga mtambo mwingine Katosi, mbali upande wa mashariki, ulioanza kazi mwaka 2021. Naufurahia mtambo huo, nakunywa maji yake. Lakini mama wa Busia hana namna ya kuhamisha mahali pake pa kuchotea.

Tulichapa karatasi nyingine. Safari hii mtafiti aliikagua kabla ya kwenda mashine, na kabla yake niliipeleka kwa mama yule na jirani zake waisome na kuisahihisha. Waliondoa maneno mawili yangu wakaweka yao. Inasema kuchemsha kuendelee, kwa sababu kipindupindu kipo; inasema maji yenye utando au harufu ya kijani yasinywewe hata yakichemshwa, watoto wasiogee humo na mifugo isinyweshwe humo; inasema bomba, kisima au maji ya mvua, na inataja nani wa kudaiwa bomba likikosekana. Niliirudia mialo niliyoweza kuifikia, nikabandua ile ya zamani, na kila mahali nilisema wazi kwamba ya kwanza ilikosewa na aliyekosea ni mimi. Baadhi walikasirika, na walikuwa na haki. Hata hivyo karatasi ya zamani ilikwishapigwa picha na kutumwa kwenye simu, na hizo siwezi kuzibandua. Ukikutana nayo mahali popote, picha ya sufuria na maneno ya kuchemsha maji ya kijani, iondoe, na ukitumiwa, mjibu aliyekutumia umweleze kwa nini.

Kwa wenzangu tunaobeba kazi za watafiti kwenda kwa watu nina ombi moja. Mtafiti akikuambia mstari huu usiondolewe, usiuondoe bila yeye kujua. Kama unaona watu hawatauelewa, uwapelekee kwanza wakuambie wenyewe. Mimi niliwaamulia wakati walikuwa mwendo wa teksi moja kutoka mezani kwangu.

Na kwa majirani zangu wa Old Kampala, Bakuli, Mengo na Kisenyi: mvua za Machi zinakuja. Mwenye nyumba, angalia tangi lako sasa kungali kukavu. Ita gari la kunyonya kabla halijajaa, ziba tundu linalotokea mferejini, na gharama ikikushinda peke yako mchangiane nyumba tatu nne kwa safari moja ya gari. Mpangaji, ukiona tundu linafunguliwa usiku wa mvua, usinyamaze; waite majirani asubuhi hiyo hiyo, mwende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa.